George Mukabi na Mipaka ya Fasihi ya Kiswahili

Makala haya yanakusudia kutetea hoja moja: kwamba George Mukabi, mtunzi na mwimbaji wa Kisa, Magharibi ya Kenya, anastahili kuhesabiwa miongoni mwa watunzi wa fasihi ya Kiswahili, wala si miongoni mwa wanamuziki tu. Wapenzi wa gita humkumbuka. Wahakiki wa ushairi hawakumjadili kwa kiasi kinachomstahili, na sababu za kusahauliwa huko zaeleza mengi juu ya vipimo vyetu kuliko juu ya nyimbo zake.

Kisa iko jirani na Butere, ambako tawi la reli kutoka Kisumu lilifika mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kwa njia hiyo vijana waliondoka kwenda mijini na kwenye mashamba ya walowezi kutafuta ujira. Baada ya Vita Kuu ya Pili gita lilienea miongoni mwa watu hao, na wengi wakarudi nalo nyumbani. Mukabi aliichukua ala hiyo ngeni akaipa tabia ya kwao. Wengi humtaja kuwa mwasisi wa mtindo uitwao omutibo, ambamo gita hudonolewa kwa kidole gumba na cha shahada, huku mwenzi akikwaruza shingo ya chupa ya soda yenye mikunjo ili kushika mwendo. Alifariki akiwa bado kijana mwaka 1963, mwaka uleule ambao Kenya ilipata uhuru.

Tuanze na suala la lugha. Mukabi angeweza kuimba kwa Kikisa peke yake, na hapo angesikilizwa na jamaa zake. Lakini sehemu kubwa ya nyimbo zake ni za Kiswahili. Ili kuufahamu uzito wa uamuzi huo, na tutazame Angurai, kaskazini ya Malaba, karibu na mpaka wa Uganda. Huko Wateso, ambao lugha yao si ya Kibantu, ni majirani wa Wabukusu na makundi mengine ya Waluhya. Wimbo wa Kikisa hauwezi kufahamika kwa Mteso, hata akiufurahia mlio wake; wimbo wa Kiswahili waweza kufahamika kwao wote. Hali kama hiyo ilikuwapo Katanga, ambako Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda mwaka 1952, naye akiimba kwa Kiswahili cha huko. Kwa hiyo Kiswahili cha Mukabi kisichukuliwe kuwa Kiswahili cha pwani kilichokosewa. Ni lugha ya kukutania, na mtunzi aliichagua kwa kuijua hadhira yake.

Kwa nini basi wahakiki walimpita? Mwaka 1954 Amri Abedi alichapisha kanuni za utunzi zilizosisitiza vina na mizani. Miaka ishirini baadaye Kezilahabi akatoa Kichomi, na mwaka 1979 Mulokozi na Kahigi wakatoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu. Mjadala uliozuka ulikuwa mkali na wenye manufaa. Hata hivyo, vitabu vilivyougawa uwanja vilikuwa diwani zilizopigwa chapa. Mwanamapokeo angemkataa Mukabi kwa kukosa urari wa mizani. Mwanamamboleo, aliyetetea uhuru wa mtunzi, hakulazimika kumtafuta kwenye sahani za santuri. Pande mbili zilipigania mlango wa nyumba ambayo mtunzi huyu hakuwahi kukaribishwa ndani yake.

Tuchukue mfano mmoja, jina la wimbo “Mtoto si nguo”. Maneno matatu haya yana umbo kamili la methali: yanalinganisha vitu viwili, yanakana ulinganisho huo, kisha yanamwachia msikilizaji kazi ya kutafuta sababu. Msikilizaji anayeijua methali “Nguo ya kuazima haisitiri matako” ataikamilisha mwenyewe: nguo huazimwa ikarudishwa, mtoto haazimwi. Mtunzi hakunukuu methali, bali ametunga nyingine inayojibizana na ile ya zamani. Hiyo ndiyo kazi tunayoisifu kwa watunzi wa tenzi tunaposema kuwa wanaitumia hazina ya lugha na kuiongezea. Hatuna haki ya kuisifu huko na kuinyamazia hapa.

Aidha, fani ya nyimbo hizi haiwezi kupimwa kwa karatasi. Anayehesabu silabi ataona mistari mirefu na mifupi isiyolingana, naye atahukumu kuwa mtunzi hajui mizani. Kumbe mizani imo katika gita na katika chupa: mstari mfupi unapokoma, nyuzi huijaza nafasi iliyobaki, na mkwaruzo wa chupa hauachi mwendo ukatike. Uhakiki wa maneno pekee huondoa nusu ya utungo kisha hulalamika kuwa utungo ni pungufu.

Urithi wake haukufa naye. Mwanawe, Johnstone Ouko Mukabi, aliuendeleza mtindo huo. Kikundi cha Abana ba Nasery kutoka Bunyore kiliufikisha mbali zaidi, hata kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ikatoa mkusanyiko wa rekodi zake mwaka 1989. John Low naye alichapisha mwaka 1982 uchunguzi wa historia ya muziki wa gita nchini Kenya. Rekodi za Mukabi mwenyewe zilitolewa upya na kampuni ya Marekani mwaka 2017, kwa jina Furaha Wenye Gita. Jina hilo limejengwa kwa muundo wa zile heri za Injili ya Mathayo, ila neno la kwanza limegeuzwa, na mahali pa wanyenyekevu wamewekwa wapiga gita. Mwalimu wa sarufi anaweza kulisahihisha. Mhakiki hana budi kulifasiri.

Sauti, basi, imehifadhiwa, na wageni wametusaidia katika hilo. Lakini kuyaandika maneno kwa uaminifu bila kuyasanifisha, kuyafafanua matamshi na misamiati yenye asili ya Kiluhya, na kuyaweka mbele ya wanafunzi kando ya tenzi na mashairi huru, ni kazi ya idara za Kiswahili. Ifanywe mapema, maana waliozicheza nyimbo hizi zilipokuwa mpya sasa ni wazee sana, nao ndio wanaojua kila fumbo lilimlenga nani.