Kilo 4 Tu, Mlango Wazi

Jirani yangu muuza samaki hajawahi kuandika "karibuni wateja wetu wapendwa". Akirudi kutoka soko la samaki la Feri alfajiri, huweka stetasi ya WhatsApp: "Changu wa leo. Kilo 4 tu, elfu 12. Mlango wazi." Chini yake picha moja, macho ya samaki yanang'aa. Ukijikokota hadi saa tatu, unamkuta anaosha beseni.

Nimeyatazama sana maneno yale kumi. "Wa leo" linajibu swali la barafu kabla halijaulizwa. "Kilo 4 tu" linakutoa kitandani bila kukuhimiza. Na baada ya saa 24 stetasi inajifuta, kama ilivyo haki ya tangazo la samaki.

Kuna wengine huandika "bei njoo inboksi". Hao nao wanajiona wafupi! Fundi hukata kile ambacho msomaji anacho tayari. Hawa wamekata alichokuja kukitafuta.

Tunasingizia simu kwamba ndiyo iliyotufupishia maneno. Kweli, mwaka 1985 Mjerumani Friedhelm Hillebrand alikaa na taipureta yake mjini Bonn, akapiga sentensi zozote zilizomjia, akahesabu herufi na nafasi zake. Karibu zote hazikufika 160, na kipimo cha sms kikatoka hapo. Twitter, iliyoanza mwaka 2006, ikajibana humohumo: 140 za ujumbe, 20 za jina la mtumaji. Mwaka 2017 ikapanua hadi 280, na sijaona kama tulizidi kuwa na la kusema.

Lakini mwambao wetu ulikuwa na kanga kabla ya hayo yote. Jina la kanga ni mstari mmoja. Mvaaji hulichagua dukani kwa makini kuliko rangi, kisha hupita nalo polepole mbele ya mlango anaoujua mwenyewe. Hajafungua kinywa, na mlengwa kashapata salamu zake. Lugha yenyewe inasaidia: "hatutaonana" ni neno moja, lakini ndani yake mna sisi, mna kesho, na mna ugomvi.

Kwenye kundi la familia ufundi huu ni adimu. Tunatumiana dua ndefu zilizopitia mikono mia, na sauti za dakika sita ambazo huzisikiliza shangazi peke yake. Mwaka mama alipolazwa, kila mtu aliandika mengi. Kaka yangu, aliyekuwa akilala kwenye benchi nje ya wodi, hakuandika kitu siku tatu. Siku ya nne, saa kumi na mbili asubuhi, simu ikalia:

"Mama kaamka. Kanywa uji. Anauliza nani kafunga banda la kuku."

Nikausoma ujumbe huo mara tatu, kisha nikavaa ndala nikaenda kulitazama banda.