Safu na Kugeuza: Kasoro Mbili za Istilahi za Lahajedwali

Neno safu limebebeshwa mzigo kupita kiasi. Asili yake ni Kiarabu, na tangu zamani latumika kwa watu au vitu vilivyojipanga kwa mstari: safu ya waumini, safu ya askari, safu ya milima. Baadaye magazeti yakalitwaa kwa maandishi yashukayo kutoka juu hadi chini ya ukurasa. Basi ilipokuja lahajedwali, neno lilikuwa limekwisha kuelekea pande mbili. Waliolipambanua kuwa safumlalo na safuwima walifanya kazi njema, nasi twawaunga mkono. Ila wafasiri wetu huchoka njiani: ukurasa wa kwanza huandika safuwima, wa tatu safu tupu, na msomaji huachiwa abahatishe.

Hilo ni dogo. Kubwa ni kitendo chenyewe cha kuzipanga upya safumlalo ziwe safuwima. Tumfikirie karani wa Usevya, katika Halmashauri ya Mpimbwe, aliyepokea takwimu za sensa kutoka hifadhidata. Humo kila hesabu ina safumlalo yake: Katavi, 2012, watu 564,604, chini yake Katavi, 2022, watu 1,152,958, kisha Rukwa, 2012, watu 1,004,539, na Rukwa, 2022, watu 1,540,519. Akizijumlisha za Katavi kama zilivyo, atapata watu 1,717,562, ambao hawakupata kuwapo mwaka wowote. Anachohitaji ni safumlalo moja kwa kila mkoa, na miaka hiyo miwili iwe vichwa vya safuwima. Hapo ataona mara moja kwamba watu wa Katavi wameongezeka zaidi ya maradufu.

Mwongozo mmoja tuliousoma wamwambia tu: "geuza jedwali". Kugeuza kupi? Akiligeuza lote, kilicholala kisimame na kilichosimama kilale, jina la Katavi litabaki limeandikwa mara mbili, sasa kwa mlalo, na kazi haijafanyika. Hivi ni vitendo viwili vilivyopewa jina moja.

Twapendekeza kugeuza kubaki kwa kitendo hicho, na kile cha kuifanya miaka kuwa vichwa kiitwe kutandaza. Kinyume chake kiwe kurundika. Mkulima wa mpunga hahitaji kuelezwa tofauti ya mpunga uliotandazwa na uliorundikwa. Wapo watakaosema maneno haya ni ya shambani, hayana hadhi ya ofisi. Hatukubaliani nao: mtandao umetokana na kutanda, ndugu wa kutandaza, wala hatujaona ofisi inayouonea haya.

Pingamizi lenye uzito ni jingine. Kutandaza peke yake hakusemi ni safuwima ipi itakayotoa vichwa na ipi itakayojaza seli. Kwa hiyo mfasiri aandike kwa ukamilifu: "tandaza idadi kwa mwaka".