Bwana Msa, Inspekta Wingo na Msomaji wa Garissa
Riwaya ya upelelezi haisimami bila imani kwamba siri ikifumbuliwa haki itafuata. Katika Simu ya Kifo (1965), Faraji Katalambulla alimkabidhi imani hiyo Inspekta Wingo, mtu wa serikali. Hapo msomaji wa Garissa ana sababu ya kusita. Kaskazini Mashariki iliishi chini ya sheria za hali ya hatari tangu 1963 hadi 1991. Askari ndiye aliyeuliza, naye hakuulizwa. Mauaji ya Wagalla, huko Wajir, Februari 1984, hayakumpata Wingo wake. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyezuka katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), anasadikika zaidi, ingawa ni Mwunguja: silaha yake ni kiko na akili. Raia kama huyo angepiga hodi Bulla Iftin akajibiwa.