Mizani Nane za Mvita

Kunja dole gumba, vinabaki vidole vinne. Kunja na la mkono wa pili, unapata vinane. Kwa hesabu hiyo ya vidole vinane, watu wa Mombasa walitunza habari za mji wao, za vita na za mapenzi, kwa karne mbili na zaidi. Mimi niko Msangano, mbali kabisa na bahari, na huu ni msimu wa kuvuna mpunga. Kila jioni nikishanawa mikono nakaa nje nahesabu.

Mvita ni jina la kale la Mombasa. Washairi wake ni wengi, lakini anayewatangulia wote ni Muyaka bin Haji, aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840. Tungo za Kiswahili zilizohifadhiwa kutoka kabla yake nyingi ni tenzi za dini. Muyaka alilishika shairi la mishororo minne akalishusha barazani: dhiki, mahaba, safari za majahazi, na siasa za Wamazrui, walioutawala mji mpaka Seyyid Said wa Omani alipouchukua mwaka 1837. Mombasa ilipogombana na Lamu, yeye na Zahidi Mngumi wa Lamu walijibizana kwa mashairi. Hebu fikiria: miji miwili inanoa mikuki, na huku wakubwa wake wanahesabu silabi. Lakini ninayempenda zaidi ni Muyaka wa mambo ya nyumbani, kuliko Muyaka wa vita.

Ili nione ugumu wa kazi yenyewe, nilitunga mishororo miwili yangu:

Mto Momba umeshuka, mpunga umeinama,
Jirani ameamka, shambani amesimama.

Si kitu mbele ya wenyewe, lakini itazame kwa karibu. Kila mshororo una vipande viwili. Cha kwanza huitwa ukwapi, cha pili utao, na kila kimoja kina mizani, yaani silabi, nane. Sasa angalia herufi m. Katika “mto” na “mpunga” imesimama peke yake, inapigiwa hesabu kama silabi kamili. Katika “Momba” na “shambani” imeshikana na b, haipewi kitu. Katika “ameamka” imesimama tena. Hakuna aliyetufundisha hili shuleni kama kanuni ya matamshi, ila mdomo unalijua, na shairi huuliza mdomo kabla ya kuuliza kalamu. Kisha vina: ukwapi unaishia ka, utao unaishia ma, na ukishaanza hivyo umejifunga mpaka ubeti uishe.

Kifungo hicho ndicho kilichoniletea Muyaka. Alipofariki hapakuwa na diwani yake iliyochapishwa. Mashairi yalikuwa vifuani mwa watu na katika karatasi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo asili yake hazina p wala g, na e na i huweza kuandikwa kwa alama moja. Msomaji mgeni angepotea. Lakini penye mizani saba palipotakiwa nane, unajua neno limedondoka. Na irabu ya mwisho ikikutatiza, kina cha mshororo wa juu kinakuamulia. Ni kama kihenge kilichosukwa vizuri: ufito mmoja ukikatika, jicho linaona pengo kabla punje hazijamwagika.

Aliyeyakusanya kwa moyo wote ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mshairi mwenyewe wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890. Alimsaidia mmisionari W. E. Taylor, na karatasi za Taylor zikaishia London. Mwaka 1940 William Hichens akatoa Diwani ya Muyaka, ikachapishwa Johannesburg. Kwenye jalada tunasoma jina la Hichens. Mimi ningetanguliza la Sikujua, maana bila kumbukumbu yake wale wengine wasingekuwa na cha kuchapisha.

Ufundi huo haukuishia kwa wazee. Abdilatif Abdalla, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1946, alifungwa miaka mitatu tangu 1969 kwa ajili ya waraka wake, Kenya: Twendapi? Gerezani alitunga kwa siri, akiandika kwenye karatasi za chooni. Mtu aliyenyimwa hata karatasi za kuandikia angeweza kujisamehe kanuni. Yeye alizishika mizani na vina. Sauti ya Dhiki ilitoka mwaka 1973, ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Mwaka huohuo Kezilahabi wa Ukerewe alitoa Kichomi, mashairi yaliyovua vina, na mabishano yakawaka. Sina ugomvi na Kezilahabi, tena nampenda. Ila nikimwaza mfungwa yule anayehesabu gizani kwa vidole, naona kwamba mizani haikuwa pingu ya pili. Ilikuwa kitu cha kushika. Baada ya kutoka alikuja Dar es Salaam, akafanya kazi Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mpaka 1979, kwa hiyo ufundi wa Mvita umekwisha kaa kwetu pia.

Mshororo wangu wa tatu ulinishinda siku nne. Ukwapi ulikuja bila taabu: “Jua kali linawaka.” Utao ulikuwa “wanaovuna wanahema”, mizani tisa. Niling'oa neno hili, nikachomeka lile, maana ikalegea. Jana, nikiwa nimeinama na mundu mkononi, nikakumbuka kwamba washairi hufupisha: si “wanaovuna”, ni “wavunao”. Silabi moja imeondoka na hakuna kilichopotea.

Jua kali linawaka, wavunao wanahema.

Nimehesabu mara tatu. Ni nane. Bado mshororo wa nne.