Hando Bila Kinu: Uhakiki wa Maonyesho ya Maisha ya Mwanamke wa Kigiriama

Kila mwaka, kwa kawaida katika mwezi wa Agosti, mji wa Malindi hushuhudia sherehe za kumkumbuka Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kuupinga utawala wa Waingereza mnamo 1913. Wanawake hujitokeza wamevaa hando, ngoma hurindima, na kwa muda mfupi mtazamaji huhisi kwamba amerudishwa nyuma zaidi ya miaka mia moja. Maonyesho ya jinsi hii huonekana pia katika mahoteli ya kitalii na katika mashule ya Kilifi. Makala haya yanakusudia kuyachunguza kama kazi ya sanaa, kwa kuyauliza maswali ambayo mhakiki huiuliza tamthilia yoyote: fani yake ni ipi, maudhui yake ni yapi, na je, mawili hayo yanachukuana?

Kwa upande wa fani, hapana budi kuanza na sifa. Hando ni vazi la ustadi mkubwa. Kitambaa cha pamba hukatwa vipande virefu, kikakunjwa marinda mengi yaliyosongamana, kisha kikashonwa kwa mkono tabaka juu ya tabaka hadi kiwe sketi nzito inayofungwa kiunoni na kuzitanua nyonga. Mchezaji anapotikisa kiuno, marinda hayo huitikia mdundo. Hapa vazi si pambo tu. Ni sehemu ya tendo lenyewe. Kwa hiyo vikundi vinavyoendelea kushona hando kwa mkono badala ya kuigiza umbo lake kwa kitambaa chepesi cha dukani vinastahili heshima.

Hata hivyo, sifa hiyo isitufikishe mahali pa kudai kwamba hando ni kitu cha asili kisichowahi kuguswa na historia. Kitambaa kilichoenea sana katika pwani hii katika karne ya 19 kiliitwa marekani, na jina lenyewe latoa ushahidi. Kilikuwa kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kilicholetwa na wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa bandari ya Salem katika jimbo la Massachusetts, ambao mkataba wao na Sultani Seyyid Said ulitiwa saini mwaka 1833. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilipokatiza biashara hiyo, vitambaa vya Uingereza na Bara Hindi vilipata nafasi. Mwanamke wa Kigiriama alikitwaa kitambaa cha kigeni akakifanya chake kwa sindano na subira. Ugiriama wa hando, basi, haumo katika pamba. Umo katika kazi ya mikono iliyoigeuza pamba hiyo.

Hapo ndipo tunapofikia udhaifu mkubwa wa maonyesho haya. Katika nadharia ya sanaa za maonyesho tumezoea kutaja mambo manne: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja na watazamaji. Vazi lipo, uwanja upo, watazamaji wapo. Lakini ni dhana gani inayotendeka? Mara nyingi ni ngoma peke yake. Mwanamke anayeonyeshwa hachimbi, hatwangi, hapepeti, hasagi wala hatwiki mtungi. Na kinu kikiletwa uwanjani kitupu, kikagongwa mara mbili tatu kufuatisha mdundo, kinakuwa ala ya ngoma na kuacha kuwa chombo cha kazi. Mtalii huondoka akiamini kwamba mwanamke wa kale alikuwa kiumbe wa sherehe.

Kasoro hii haihusu fani pekee. Inaficha sababu ya vita vyenyewe. Wagiriama walikuwa wakulima waliouza nafaka pwani, na wengi walikuwa wameuvuka mto Sabaki kutafuta ardhi nzuri zaidi. Serikali ya kikoloni ilitaka kodi ya nyumba, na ilitaka vijana wakafanye kazi katika mashamba ya walowezi na katika ujenzi wa serikali. Kijana alipochukuliwa, kazi yake shambani haikutoweka. Iliwabakia mama, mke na dada. Mekatilili alipowakusanya watu Kaya Fungo, akisaidiana na Wanje wa Mwadori Kola, alikuwa akiitetea kazi hiyo. Wote wawili walikamatwa na kupelekwa Kisii, wakatoroka na kurudi kwao kwa miguu mwaka 1914. Mwaka huo huo Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti, na Wagiriama wakaamriwa kuhama ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki. Kinu, jembe na ghala, kwa hiyo, si mapambo ya nyuma ya jukwaa. Ndiyo maudhui. Hata jina la shujaa huyu latukumbusha hivyo: alizaliwa Mnyazi, na Mekatilili maana yake ni mama wa Katilili. Aliingia katika historia kwa jina la uzazi.

Kwa mwanaisimu kuna hasara nyingine. Nafaka moja hupita katika vitenzi vingi kabla ya kuwa sima, ambayo Wagiriama huiita wari: huvunwa, hupukuchuliwa, hutwangwa, hupepetwa, husagwa, huchekechwa, husongwa. Kila kitenzi kina chombo chake, mkao wake wa mwili na mara nyingi wimbo wake. Kamusi yaweza kulihifadhi neno, lakini haiwezi kuhifadhi pembe ya mkono inayourusha uteo ili makapi yapeperuke na punje zibaki. Maarifa hayo hukaa katika mwili, na hurithiwa kwa kutenda.

Yaweza kupingwa kwamba sherehe si makumbusho, na kwamba mtazamaji hana subira ya kuketi akitazama mtu akisaga mahindi. Pingamizi hili lina uzito, lakini halitoshi. Skansen, iliyofunguliwa Stockholm mwaka 1891, ilionyesha mapema kwamba nyumba na mavazi ya kale hupata uhai pale watu wanapofanya ndani yake kazi za zamani hizo. Karibu nasi, Makumbusho ya Kijiji ya Dar es Salaam na Bomas of Kenya yamejenga nyumba za makabila mbalimbali, hivyo uwanja wa kutendea upo. Halihitajiki jambo kubwa. Mwanamke mmoja aliyevaa hando asage pishi moja ya mahindi juu ya jiwe tangu ngoma inapoanza hadi inapokwisha, na unga huo upikwe na kuliwa. Mtazamaji atakayechoka kumtazama atakuwa amejifunza jambo ambalo ngoma haikuweza kumfundisha: urefu wa siku ya mwanamke.

Lipo suala la mwisho, nalo ni zito kuliko yote. Wanaojua kukunja marinda ya hando na kusaga juu ya jiwe ni akina bibi. Katika kaunti hiyo hiyo ya Kilifi, wazee, wake kwa waume, wamekuwa wakiuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hizo upo ugomvi wa ardhi. Mekatilili mwenyewe alikuwa mjane mtu mzima alipokula kiapo. Jamii inayomvika msichana hando ili amwigize mjane huyo, huku bibi aliyeshona hando hilo akilala kwa hofu nyumbani kwake, imeitukuza nguo na kumsahau mvaaji. Onyesho lililo kamili litamweka bibi huyo katikati ya uwanja, akiwa na sindano mkononi na wajukuu wamemzunguka, afundishe mbele ya watu wote. Hapo fani na maudhui vitakutana, na kumbukumbu ya 1913 itakuwa na faida kwa walio hai.