Rafu ya Sarafu za Kijeshi: Kazi Yote Iko Kwenye Mfuo

Katika picha rasmi ya Bill Clinton, iliyochorwa na Simmie Knox na kuzinduliwa Ikulu ya Marekani mwaka 2004, nyuma yake zinaonekana sarafu zilizopangwa safu safu. Si fedha za matumizi. Ni sarafu za kikosi, zile ambazo kamanda humpa askari aliyefanya vizuri, mara nyingi kwa kupeana naye mkono huku sarafu ikiwa kiganjani. Clinton alipewa nyingi na wanajeshi, akazipanga nyuma ya meza yake ya kazi, na sasa zimo katika maktaba yake mjini Little Rock, Arkansas.

Askari aliyetumikia muda mrefu huwa nazo za kujaza droo, na hapo ndipo seremala anapoitwa kutengeneza rafu. Kwa macho kazi ni nyepesi: ubao, mifuo michache ya kusimamishia sarafu, vanishi. Ugumu unaanza fundi anapoamua mfuo uwe na upana gani, kina gani na mwinamo gani. Rafu nyingi huharibikia hapo.

Sarafu hizi kwa kawaida zina kipenyo cha milimita 38 hadi 50 na unene wa milimita 3 hivi, ingawa zipo zinazofika 4 na kuzidi. Meno ya msumeno wa meza wa kawaida hula milimita 3.2 za mbao, kwa hiyo wengi hupitisha ubao mara moja tu na kuridhika, maana sarafu ya milimita 3 inaingia na kukaa vizuri. Mwaka unaofuata mwenye rafu anatunukiwa sarafu ya milimita 4, nayo haiingii.

Basi fundi anapanua mfuo hadi milimita 4.5. Ile nene inaingia, lakini nyembamba inacheza. Kwenye mfuo wenye kina cha milimita 6, nafasi ya milimita 1.5 iliyobaki inairuhusu kulala nyuzi 14 hivi, iwe mbele au nyuma. Safu moja inakuwa na sarafu zinazotazama dari na nyingine zinazotazama sakafu.

Dawa yake ni kulaza msumeno kabla ya kukata, ili mfuo wenyewe uegemee nyuma. Lakini ulazwe kiasi gani? Wanaolaza nyuzi 10 wanakosea kidogo tu, na kosa hilo linaonekana: kwa kuwa sarafu inacheza nyuzi 14, bado inaweza kuinamia mbele nyuzi 4 na kubaki hivyo. Ukilaza nyuzi 15, hata sarafu nyembamba haina njia ya kuinama mbele. Uzito wake unairudisha nyuma kila inapoguswa. Mwinamo lazima uzidi ule mchezo. Ningependa kila fundi apige hesabu hii kwenye karatasi kabla ya kuwasha mashine.

Kina nacho kina bei yake. Sarafu ya kikosi ina maandishi ukingoni, jina la kikosi au kaulimbiu. Kwa sarafu ya milimita 44, mfuo wa milimita 10 unafunika karibu robo ya kimo chake na kumeza maandishi ya chini. Wa milimita 6 unafunika chini ya moja ya saba. Ukipunguza hadi milimita 3 maandishi yote yanasomeka, ila ule mchezo unaruka hadi nyuzi 27 hivi na sarafu inaanguka meza ikiguswa. Milimita 6 ndiyo ninayoipendekeza.

Zipo mbao za ukutani zenye mashimo ya duara, sarafu ikazama humo. Sizikubali. Sarafu hizi zina nyuso mbili, na aliyepewa hutaka kuichomoa, kuigeuza na kumwonyesha mgeni upande wa pili.

Kuhusu mbao, mjozi mweusi ni chaguo zuri. Mwaloni ni imara na unapatikana kirahisi Marekani, ila hutoa mvuke wa asidi ya asetiki, ileile iliyomo kwenye siki, ndiyo maana wahifadhi wa makumbusho huuepuka kwenye makabati ya vitu vya metali. Kwenye rafu ya wazi hatari ni ndogo. Kwenye sanduku la kioo lililofungwa mvuke hukusanyika. Kitambaa cha sufu cha kutandikia sarafu nacho hutoa salfa, na salfa huipiga weusi sarafu iliyopakwa fedha.

Vanishi iachwe ikauke kabisa, hadi isitoe harufu, kabla ya kuweka sarafu. Nayo hula upana wa mfuo, kwa hiyo fundi apige msasa humo ndani kwa kuukunja kwenye kadi nyembamba, kisha apake kidogo kidogo.

Kama unaagiza rafu hii, usimpe fundi vipimo vya kukisia. Mpelekee sarafu yako nene kuliko zote pamoja na ile nyembamba kabisa, na umwombe azijaribu kwenye kipande cha mbao chakavu kabla hajagusa ubao wako.