Nani Anamwagilia Peponi?

Mama alinunua mbegu za peonia kwa simu. Picha ilionyesha ua kubwa kama sahani, zambarau tupu, na maneno chini yake kwamba linamea popote. Mbegu kumi, shilingi mia sita, M-Pesa. Baada ya wiki mbili kipakiti kikafika Malindi kwa basi. Akazipanda kwenye makopo ya mafuta nyuma ya jiko, akachanganya udongo mwekundu na samadi ya mbuzi. Baba, ambaye bustani ndiyo kazi yake, alikigeuza kile kipakiti mbele na nyuma, akasema tu, "Haya, mama watoto, tutaona."

Mwaka umepita na tunachoona ni makopo.

Baadaye nikasoma habari za huo mmea. Kumbe peonia ni ua la nchi za baridi. Mizizi yake inataka wiki kadhaa za baridi kali kila mwaka ndipo vifunge vya maua viumbike. Malindi usiku wa Julai, ule tunaouita wa baridi, haukaribii hata nyuzi 10. Na ukianza na mbegu, hata huko kwao unangoja miaka mitatu, minne, mitano, kabla ya ua la kwanza. Zambarau yenyewe ile ni ya kompyuta. Peonia zinazouzwa kwa jina la zambarau nyingi ni waridi iliyokolea au damu ya mzee. Yaani mama aliuziwa picha.

Lakini si mara ya kwanza kwa ua hili kufika pwani yetu kama picha. Gede, kule karibu na Watamu, James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, na kati ya vitu vilivyotoka ardhini ni vigae vya kauri kutoka Uchina. Mambrui, upande wa pili wa mto Sabaki, kulijengwa kaburi la mnara lililopachikwa mabakuli ya Kichina. Wachoraji wa kauri wa enzi za Ming waliipenda peonia, waliichora kwa buluu tena na tena. Sisemi kila kigae cha Gede kina peonia. Nasema tu kwamba kama mababu zetu waliwahi kuiona, waliiona kwenye sahani, ambapo ua halidai maji wala kivuli.

Hayo yote yalikuwa kichwani nilipoanza kumsomea baba *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah aliyoitafsiri Ida Hadjivayanis, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Nobel. Ya Kiingereza, *Paradise*, ni ya 1994. Niliisoma chuoni kabla ya karo kunishinda, na nakumbuka tulivyofundishwa: bustani ni ishara. Ishara ya pepo iliyopotea, ya Afrika Mashariki kabla Mjerumani hajaimeza. Nikaandika hivyo kwenye mtihani, nikapata alama nzuri. Sasa nadhani nilisoma kitabu kama mama alivyosoma kipakiti.

Hadithi kwa ufupi: Yusuf, mtoto wa miaka kumi na mbili, anachukuliwa na mfanyabiashara tajiri, Ami Aziz, kama rehani ya deni la baba yake. Anawekwa dukani. Nyuma ya duka kuna ukuta, na nyuma ya ukuta kuna bustani: bwawa katikati, mifereji minne inayogawanya robo nne, michungwa, mikomamanga, hina. Kwenye miti kumetundikwa vioo, ili bibi mwenye nyumba aweze kuitazama bustani bila yeye kuonekana. Na ndani ya bustani hiyo kuna mzee mmoja, Mzee Hamdani, anayefanya kazi na kukaa kimya.

Nilipofika kwenye mifereji baba alinikatiza. "Mifereji minne? Anaisafisha nani?"

Nikamwambia, huyo mzee.

"Peke yake? Mfereji usipofagiliwa wiki moja, ushakuwa wa mbu."

Swali hilo halikuulizwa hata siku moja darasani. Baba ameitunza bustani ya villa moja ya ufuoni kwa miaka kumi na tisa. Anajua kwamba maji ya kisima cha pale yana chumvi na asmini haiyawezi, ndiyo maana anabeba mitungi ya maji ya mfereji kila jioni. Anajua mchanga wa matumbawe haushiki maji, na udongo wa kuchanganyia lazima ununuliwe kwa lori kutoka bara. Wenye villa huja Desemba, wanapiga picha chini ya bogenvilia, wanaondoka. Nao pia wana vioo vyao.

Ndiyo nasema vile vioo ni wazo kali kuliko yote kitabuni. Gurnah anatuonyesha kwamba kuna wanaomiliki bustani kwa macho na kuna wanaoijua kwa mikono. Yusuf yuko katikati: anaanza kwa kuchungulia, halafu anashika kazi kumsaidia mzee. Na hapo hapo anajifunza kwamba Mzee Hamdani ni mtumwa aliyewahi kupewa uhuru akaukataa. Hakuukataa kwa woga. Kwake yeye, uhuru haukuwa mali ya bibi yule hata amzawadie.

Niliposoma kipande hicho baba aliniambia nirudie. Nikarudia. Hakusema kitu. Ana miaka hamsini na nne, na pale kazini, mpaka leo, anaitwa "shamba boi".

Hata hivyo nina ugomvi na Gurnah. Mzee Hamdani anapewa heshima, anapewa fumbo, anapewa jibu zito moja, lakini hapewi ujuzi wake. Tunamwona kazini, ila ni machache mno tunayoambiwa kuhusu anachokijua: kipi akate, lini, kwa nini mkomamanga huu unazaa na ule hauzai. Biashara ya Aziz tunafundishwa kwa kina, mpaka bei, mpaka hongo za masultani wa bara. Bustani tunaachiwa kuishangaa. Kwa mwandishi anayewachukia wale wanaotazama kupitia vioo, hilo ni pengo. Kwa kiasi fulani, na sisi wasomaji tumepewa kioo.

Tafsiri imenisaidia kuliona hilo, kuanzia jina. *Paradise* inataja mahali tu. *Peponi*, na hiyo -ni yake, inakuweka ndani, na ukishakuwa ndani unapaswa kusema unafanya nini humo. Tena Kiswahili kina ua linalochanua na ua wa nyumba, na huo wa pili lazima ufagiliwe. Kwa Kiingereza niliweza kupita pale kama mgeni. Kwa Kiswahili, huku baba amekaa kwenye mkeka akinikatiza, sikuweza.

Kwa hiyo kisomeni, na msikubali kuambiwa bustani ni ishara kabla hamjahesabu ndoo.

Makopo bado yako nyuma ya jiko. Mama amepanda asmini katika mawili. La tatu amekataa lisiguswe, eti pengine mbegu imelala tu. Baba anajua hakuna kitu mle. Kila magharibi, akirudi kutoka villa, analimwagilia.